Diski Isiyokaa na Seva: Hifadhi ya Pamoja ya Data kwa Bukoba na Muleba

Mashine pepe ni kompyuta kamili iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta ya chuma. Ina kichakataji chake, kumbukumbu yake, kadi yake ya mtandao na diski yake. Mfumo endeshi uliowekwa humo, uwe Windows au Linux, hufanya kazi bila kutambua kwamba vyote hivyo ni mgao tu wa vifaa vya seva moja. Programu inayogawa vifaa hivyo huitwa hipavaiza. Wazo lenyewe lina umri mkubwa: wahandisi wa IBM walilifanyia kazi katika miaka ya 1960, na mwaka 1972 kampuni hiyo ikatoa mfumo wa VM/370 kwa ajili ya mashine zake kubwa. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ndiyo iliyolihamishia kwenye seva za kawaida. Kisha zikaja hipavaiza zisizolipiwa leseni: Xen kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 2003, na KVM iliyoingizwa ndani ya Linux mwaka 2007.

Seva moja ya leo inaweza kubeba mashine pepe ishirini na zaidi bila kuhema. Ofisi iliyokuwa inunue kompyuta moja kwa ajili ya mishahara, ya pili kwa barua pepe na ya tatu kwa kumbukumbu za wagonjwa, huziweka zote tatu ndani ya mashine moja. Hapo fedha huokolewa, umeme huokolewa, na hatari nayo hukua: seva hiyo moja ikifa, vyote vitatu vimekwenda nayo.

Ili kuona namna hatari hiyo inavyoondolewa, inafaa kutazama mashine pepe inapoishi. Inapokuwa inafanya kazi, sehemu yake moja imo ndani ya kichakataji na kumbukumbu ya seva, na sehemu hiyo hupotea umeme ukikatika. Sehemu ya pili ni diski yake, ambayo kwa kweli ni faili kubwa au eneo lililotengwa kwenye diski halisi. Mfumo endeshi, programu, majina ya wagonjwa, hesabu za wakulima, yote yamo humo. Seva inaweza kununuliwa nyingine kesho. Faili hilo halinunuliki popote.

Kosa la kawaida ni kuliacha faili hilo ndani ya diski za seva ileile inayoendesha mashine pepe. Mkoani Kagera kosa hilo lina gharama yake. Ziwa Viktoria na kingo zake ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa radi nyingi zaidi duniani, hasa usiku, na Bukoba ni mji wenye mvua nyingi. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mkoa ilitegemea umeme unaoingia kutoka Masaka, Uganda, na kupokelewa Kyaka, na wakazi wanaujua umeme wa kukatika na kurudi kwa kishindo. Radi ikiunguza bodi kuu ya seva usiku wa manane katika hospitali ya Rubya, Ndolage au Kagondo, wilayani Muleba, diski zinaweza kuwa nzima kabisa na bado zisisomeke, kwa sababu zimefungiwa ndani ya mashine iliyokufa. Fundi atazifungua, atatafuta seva nyingine inayolingana na kidhibiti cha diski hizo, na pengine ataisubiri isafirishwe kutoka Mwanza au Dar es Salaam. Wakati huo dirisha la mapokezi linarudi kwenye daftari.

Dawa yake ni kutenganisha mambo mawili. Seva zibaki na kazi ya kukokotoa tu, na diski zote zihamie kwenye kifaa cha hifadhi kinachojitegemea, ambacho kila seva inakifikia kwa mtandao. Hiyo ndiyo hifadhi ya pamoja. Seva ya kwanza ikizimika, ya pili inaliona faili lilelile la diski mahali palepale, inalifungua, na mashine pepe inaamka upya baada ya dakika chache, kama kompyuta iliyozimwa ghafla na kuwashwa tena. Hakuna kilichonakiliwa wala kusafirishwa.

Faida ya pili huonekana hata pasipo ajali. Mashine pepe inaweza kuhamishwa kutoka seva moja hadi nyingine ikiwa inaendelea kufanya kazi, jambo ambalo VMware ililiingiza sokoni mwaka 2003. Kwa kuwa diski haihami, kinachosafirishwa ni yaliyomo kwenye kumbukumbu tu. Hipavaiza hunakili kurasa za kumbukumbu wakati mashine inaendelea na kazi, ikarudia zile zilizobadilika, kisha ikaisimamisha kwa sehemu ndogo ya sekunde na kuiamsha upande wa pili. Mtu aliyekuwa akichapa jina la mgonjwa hahisi chochote. Fundi huhamisha kila kitu, akaifungua seva iliyobaki tupu saa nne asubuhi, akafuta vumbi, akabadilisha feni, bila kumwomba mtu yeyote aache kazi.

Kuna njia mbili kuu za kuifikia hifadhi hiyo kwa mtandao. Ya kwanza ni ya mafaili. Kifaa cha hifadhi chenyewe kinasimamia mpangilio wa mafaili, na seva inaomba: nipe faili hili, andika pale. Itifaki inayotumika zaidi ni NFS, iliyobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems na kutolewa mwaka 1984. Ni rahisi kuiweka na rahisi kuikagua, na kwa ofisi ndogo hutosha kabisa.

Njia ya pili ni ya vipande. Hapa kifaa cha hifadhi hakijui lolote kuhusu mafaili. Kinatoa eneo tupu la diski lililogawanywa vipande vyenye namba, na seva inaliona eneo hilo kana kwamba ni diski iliyochomekwa ndani yake. Kwa muda mrefu njia hii ilihitaji Fibre Channel, mtandao wa pekee wenye kadi zake, kebo zake na swichi zake, na bei yake iliziacha nje taasisi ndogo. Itifaki ya iSCSI, iliyokamilishwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 2004, ilibadilisha hali hiyo. Inazichukua amri zilezile za diski na kuzisafirisha ndani ya mtandao wa kawaida wa kompyuta, kwa swichi zilezile zinazouzwa madukani. Upande unaoomba diski hujitambulisha kwa jina maalumu, upande unaotoa diski hulikagua jina hilo pamoja na nenosiri, kisha huonyesha maeneo ambayo seva hiyo imeruhusiwa kuyaona, na hayo tu.

Ugumu wa njia ya vipande uko mahali pasipotarajiwa. Seva mbili zikiandika kwenye eneo moja la diski bila kujuana, data huharibika kwa dakika chache, na kuitengeneza ni kazi ngumu ambayo mara nyingi haifanikiwi. Ghala la chama cha msingi cha kahawa lenye makarani wawili, kila mmoja na daftari lake, litaishia na magunia yasiyo na mwenyewe. Hali ya diski ndiyo hiyo. Kwa hiyo hipavaiza hutumia mpangilio wa mafaili uliotengenezwa kwa ajili ya washirika wengi, kama VMFS ya VMware, ambao hulipatia kila faili mshikaji mmoja kwa wakati mmoja. Mifumo mingine huliachia kundi la seva likubaliane lenyewe nani ashike nini.

Swali gumu zaidi huja pale seva ya kwanza inaponyamaza. Imekufa kweli, au ni kebo tu iliyochomoka na yenyewe bado inaandika kwenye diski? Seva ya pili ikikisia vibaya na kuiwasha mashine pepe, kutakuwa na mashine mbili zinazodai kuwa moja. Mifumo mizuri haikisii. Kwanza huhesabu kura: kundi lazima liwe na zaidi ya nusu ya wanachama ndipo liruhusiwe kufanya uamuzi, na ndiyo sababu kundi la seva mbili tupu ni hatari na linahitaji shahidi wa tatu, hata kama ni kompyuta ndogo. Pili, huikatia umeme seva iliyonyamaza au kuinyima njia ya kuifikia hifadhi kabla ya kuchukua kazi yake. Fundi anayeiacha hatua hii kwa sababu inachelewesha usakinishaji anaacha bomu ndani ya chumba cha seva, na maneno hayo si makali kupita kiasi.

Katika kuunganisha, mtandao wa hifadhi usichanganywe na mtandao wa ofisi. Mtu mmoja akipakua video kubwa kwenye mtandao uleule unaobeba diski, kila mashine pepe itahisi kana kwamba diski yake imekwama. Panapowezekana swichi ziwe za peke yake. Pasipowezekana, swichi moja igawanywe iwe mitandao miwili isiyoonana. Kila seva iwe na kebo mbili zinazokwenda kwenye swichi mbili tofauti, na kifaa cha hifadhi kiwe na vidhibiti viwili, ili njia moja ikifa nyingine iendelee bila mashine pepe kujua. Wengi hununua hifadhi ya gharama kubwa na kuiunganisha kwa swichi moja na waya mmoja wa umeme. Hapo hatari imehamishwa tu kutoka kwenye seva hadi kwenye swichi.

Kuna pia ukubwa wa vifurushi vya data. Mtandao wa kawaida husafirisha vifurushi vya baiti 1,500. Mtandao wa hifadhi hunufaika na vya baiti 9,000, mradi kila kifaa njiani kimewekewa kipimo hicho. Kimoja kikisahaulika, dalili zake hupotosha: hifadhi inaonekana, inaunganishwa, mafaili madogo yanapita, kisha kazi kubwa inakwama. Saa nyingi za mafundi zimepotelea hapo.

Umbali ndio unaoiweka Kagera katika hesabu ya pekee. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam kwa barabara ni takriban kilomita 1,400, hivyo swali na jibu lake, kwenda na kurudi, huchukua milisekunde 14 hata kama vifaa vyote vya njiani havichelewi kabisa, na vifaa huchelewa. Diski ya kisasa isiyo na sehemu zinazozunguka hujibu kwa sehemu moja ya kumi ya milisekunde au karibu na hapo. Programu ya malipo inayosubiri kila maandishi yathibitishwe kabla ya kuandika yanayofuata itaweza kufanya hivyo mara 2,000 kwa sekunde ikiwa jibu linarudi kwa nusu ya milisekunde. Jibu likirudi kwa milisekunde 14, itaweza mara 70 tu. Kuongeza kasi ya intaneti hakubadilishi hesabu hii, kwa sababu tatizo si upana wa njia, ni urefu wake.

Kwa hiyo mashine pepe iliyoko Bukoba haiwezi kuendeshwa ipasavyo kwa diski iliyoko Dar es Salaam. Linalowezekana ni kuhamisha vyote viwili pamoja, mashine na diski yake, ikaachwa skrini tu isafiri. Ndivyo mifumo mingi ya serikali inavyofanya kazi sasa. Mtumishi wa Manispaa ya Bukoba au Halmashauri ya Muleba anayetoa namba ya malipo kupitia GePG, mfumo wa malipo ya serikali ulioanza mwaka 2017, anatumia kivinjari tu. Hesabu na diski ziko mbali, na zimekaa karibu karibu. Nchi ina Kituo cha Taifa cha Data huko Kijitonyama, Dar es Salaam, kinachoendeshwa na shirika la mawasiliano la TTCL, na Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, inasimamia mifumo ya taasisi za umma. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika Kagera na kuvuka mipaka huko Mutukula kuelekea Uganda na Rusumo kuelekea Rwanda. Kuhifadhi ndani ya nchi kulionyesha maana yake Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba: data iliyoko nchini haihitaji kupita baharini ili imfikie mwenyewe.

Hata hivyo zipo huduma zisizofaa kusimama mkongo unapokatwa na greda la barabara. Maabara ya hospitali, chumba cha dawa na wodi ya wazazi vinahitaji kumbukumbu zao saa hiyohiyo. Huduma za namna hii zinastahili kundi dogo la seva papo hapo, lenye hifadhi ya pamoja ndani ya jengo.

Hapa jiografia ya mkoa inatoa nafasi ambayo haijadiliwi inavyostahili. Muleba iko takriban kilomita 70 kusini mwa Bukoba kwa barabara kuu inayopita Kemondo. Mwanga huenda na kurudi umbali huo kwa milisekunde 0.7. Mifumo inayoandika data katika vituo viwili kwa wakati mmoja, yaani maandishi hayathibitishwi mpaka yamefika kote kuwili, kwa kawaida huvumilia hadi milisekunde tano. Kwa kipimo cha fizikia, basi, Bukoba na Muleba zinaweza kuwa nusu mbili za hifadhi moja: kila rekodi iko miji yote miwili wakati wote, na mji mmoja ukizimika mwingine unaendelea bila kupoteza hata herufi. Shahidi wa kupiga kura ya tatu anaweza kukaa mbali zaidi, hata Dar es Salaam, kwa sababu yeye habebi data. Anahitaji tu kujibu nani yu hai.

Sharti ni moja na ni zito: mkongo kati ya miji hiyo uende moja kwa moja. Mtoa huduma akiyapeleka mawasiliano ya Bukoba Mwanza kwanza ndipo yarudi Muleba, faida ya ujirani imekwisha. Anayepanga mradi wa aina hii aombe ramani ya njia halisi kabla ya kusaini mkataba, na apime muda wa kwenda na kurudi kwa siku kadhaa, asubuhi na jioni.

Na bado nusu mbili hizo hazitoshi. Alasiri ya tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Watu zaidi ya kumi walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka au kupata nyufa, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zilifungwa kwa uharibifu. Kitovu kilikuwa Missenyi, kaskazini-magharibi mwa Bukoba. Vituo viwili vilivyo umbali wa kilomita 70 vinaweza kutikiswa na tetemeko moja, na vinaweza kulishwa na laini moja ya umeme. Nakala ya tatu lazima itoke nje ya mkoa, Dodoma au Dar es Salaam. Hiyo haiandikwi papo kwa papo. Hutumwa kila baada ya dakika chache, kwa hiyo katika janga kubwa dakika chache za kazi zinaweza kupotea. Hasara hiyo inavumilika, mradi uongozi umeijua na kuikubali mapema.

Nakala za papo kwa papo zina udhaifu mwingine: hunakili makosa kwa uaminifu uleule. Mtumishi akifuta jedwali la wagonjwa Bukoba, linafutika Muleba sekunde hiyohiyo. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fedha huenea vivyo hivyo. Chelezo la kila siku, yaani nakala ya akiba, lililo mahali ambapo hipavaiza haiwezi kulifuta, ni hitaji la peke yake ambalo hifadhi ya pamoja hailijazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde zisipotee wala kuharibika, na taarifa za afya zimo miongoni mwa zile nyeti.

Umeme nao una lake la kusema. Vifaa vingi vya hifadhi huipokea data kwenye kumbukumbu ya haraka, vikaithibitisha, kisha vikaiandika kwenye diski baadaye kidogo. Umeme ukikatika katikati, kilichothibitishwa kinaweza kuwa hakijaandikwa. Vifaa vizuri vina betri ya kuilinda kumbukumbu hiyo. Vya bei rahisi vingine havina. Jenereta haisaidii hapa, maana huchukua sekunde kadhaa kuwaka. Kinachosaidia ni betri ya kifaa chenyewe, pamoja na UPS, yaani betri ya dharura ya chumba cha seva, inayoweza kuziamuru seva zijizime kwa utaratibu kabla haijaishiwa, mashine pepe zikitangulia na hifadhi ikimalizia. Mpangilio huo ukigeuzwa, mashine zinanyang'anywa diski zikiwa hai.

Kwa taasisi ndogo, gharama si kizuizi kama ilivyokuwa. Programu ya Proxmox, inayotumia KVM, haihitaji kununuliwa leseni. Ceph, iliyoanza kama utafiti wa Sage Weil katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, huzigeuza diski za ndani za seva tatu au zaidi kuwa hifadhi moja ya pamoja, bila kifaa cha pekee. Inahitaji mtandao wa gigabiti 10 ili ifanye kazi vizuri, na inahitaji mtu anayeielewa. Hilo la mwisho ndilo lililo haba. Hospitali yenye fundi mmoja anayehudumia pia printa na simu itahudumiwa vema zaidi na seva mbili, kifaa kimoja cha NFS chenye vidhibiti viwili na shahidi mdogo wa kura, kuliko na mfumo mkubwa ambao hakuna aliyewahi kuutengeneza ukiwa umeharibika.

Kabla mfumo wowote wa namna hii haujakabidhiwa, mnunuzi amtake fundi azime seva moja kwa kuchomoa waya wa umeme, wakati wa kazi, mbele ya mhasibu na muuguzi wa zamu. Kisha achomoe swichi moja ya hifadhi. Kisha arudishe mashine pepe moja kutoka kwenye chelezo la jana. Malipo ya mwisho yatolewe majaribio hayo matatu yakifaulu, na yarudiwe kila mwaka kabla ya mvua za masika.